Mkwe Anayekula Upepo

Siku ile tulikaa watano kwenye barza ya nyuma ya nyumba yangu, hapa Kisangani. Mimi mwenye nyumba. Mdogo wangu wa kiume, wa baba mmoja na mama mmoja, fundi cherehani, aliyekuja na kofia yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Binti yangu wa pili, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, na samaki wa kukauka sokoni, ambaye mdomo wake ni mkali kuliko kisu chake. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu mwanangu wa kwanza, niliyemlea tangu hajajua kutembea. Huyo ndiye alikuwa mwenye shauri. Na wa tano kocha wake, mtu wa Yanonge, si damu yetu, lakini amekula kwangu mara nyingi hata hatumhesabu tena kuwa mgeni. Watoto wadogo tuliwapeleka kwa jirani.

Majina yao yote ninayo, pamoja na ya baba zao na ya babu zao. Mimi jina likiniingia halitoki. Lakini nyumba yenye silaha haitangazwi kwa majina, ndiyo maana hapa siandiki hata moja.

Shauri lenyewe lilikuwa bastola. Si ya polisi wala ya askari. Ni ya michezo, ile ya kulenga karatasi yenye miduara, mita kumi mbele yako. Mjukuu wangu anauza dawa katika farmasi, na siku ya mapumziko anavuka mto kwa pirogi kwenda Lubunga, ambako wenzake wanafanyia mazoezi katika hangari tupu karibu na reli. Huko walikuwa wanapokezana bastola moja, na kila mmoja na mkono wake. Kocha akasema hivi haiwezekani. Wanaokwenda Kinshasa kuchaguliwa kwa timu ya taifa wanakwenda kila mtu na yake, anayoijua kama anavyojua kijiko chake cha kulia. Familia tukachangiana, kocha akashughulika na karatasi za ruhusa, akapata mzee mmoja aliyeacha mchezo na mwenye bastola mbili. Akazileta zote mbili tuchague moja, nyingine irudi kwa mwenyewe.

Ilibaki mahali pa bastola kulala tu. Mjukuu anaishi kwangu, na wote walijua neno langu: tangu vita, hakuna bunduki inayopita mlango wangu. Nikikataa, hakuna Kinshasa. Mtoto alilijua hilo. Toka asubuhi alikuwa amefagia uwanja mara mbili.

Neno langu lilitoka hapa. Wakati wa vita askari mmoja aliingia kwangu na njaa. Nilimpa lituma, ndizi zetu za kupondwa, na mchuzi wa samaki. Akaweka bunduki yake mezani, katikati ya sahani, mdomo wake ukiwaangalia watoto wangu. Akala polepole. Hakuna aliyekufa siku hiyo. Lakini mimi nilikaa nikiuangalia ule mdomo mpaka aliposhiba, na sikusema neno. Mume wangu hakusema. Mdogo wangu naye alikuwepo, hakusema. Alipoondoka niliisugua meza kwa majivu, nikasema basi, ile ni ya mwisho.

Donc, kocha akaweka visanduku viwili juu ya mkeka. Binti yangu hakuweza kungoja.

"Bon, karibuni kwetu," akasema. "Lakini papa kocha, umetuletea bwana-arusi wawili na mutoto iko mumoja. Iko namna gani hii?"

Tulicheka sote, maana ndivyo ilivyokaa kweli. Kwetu mwanaume akimtaka binti, kwanza anakuja kujionyesha, na familia inamuuliza mpaka jasho limtoke.

"Familia yao iko wapi?" binti yangu akaendelea.

"Ulaya, mama. Lakini wamekaa Kinshasa sana," kocha akajibu, uso wake mkavu kama wa mposaji.

"Wanakunywa pombe ya lotoko?"

"Hata tone."

"Basi wanakula nini?"

"Upepo," mjukuu wangu akasema. Akatuonyesha kopo refu lililolala chini ya mtutu. "Unajaza upepo kwa pompe, kama tairi ya kinga. Upepo ndio unasukuma kidonge cha risasi."

Binti yangu akapiga makofi. "Mukwe anayekula upepo! Mama, kubali haraka. Wengine wote waliokuja hapa wamemaliza masufuria yetu."

Hata mimi nilicheka, na sikutaka kucheka.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi yote, inang'aa, mshikio wake unafaa mkono wowote. Ya pili ilionekana kama chombo cha fundi: mtutu mwembamba na mrefu, mshikio wa mbao uliochongwa vidole na kiganja, na mbao imeshaiva kwa jasho la mtu mwingine. Hiyo ilichongwa kwa mkono wa kushoto tu. Mjukuu wangu ni wa kushoto.

Sasa sikilizeni kosa letu. Siku ya mahari, vitu vikiletwa, vikwembe, taa, panga, tunavipitisha mkono kwa mkono, ili kesho asitokee mtu wa kusema mimi sikuonyeshwa. Ndiyo desturi yetu, na ni nzuri. Na kwa vile tulikuwa tumeshaanza mchezo wa bwana-arusi, mdogo wangu hakuuliza mtu. Kocha alikuwa ameinama kufungua kisanduku cha pili. Mdogo wangu akanyosha mkono, akachukua ile nyeusi.

"Ee, iko na uzito kidogo," akasema. Akageuka nayo kwenye kiti ili mimi dada yake niione vizuri. Mdomo ukapita tumboni kwangu, ukapita kifuani kwa binti yangu, ukasimama kwenye mlango wa jikoni. Akafunga jicho moja. "Pa!" akasema, akacheka.

"Koko, weka chini."

Alikuwa mjukuu wangu. Alikuwa ameshasimama pembeni yake, si mbele yake. Hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akimjibu mtu mzima, na huyu ni babu yake, anamwita Koko kama anavyoniita mimi.

"Aa, mutoto, tunacheza tu."

"Koko, pardon. Weka chini kwanza. Mdomo kwa ukuta."

Mdogo wangu alimwangalia, kisha akaniangalia mimi. Akaiweka juu ya mkeka. Mtoto akaiokota, akaifungua, akachungulia ndani, akapitisha uzi wa rangi ya chungwa ndani ya mtutu mpaka ukatokea pande zote mbili, ili kila mtu aone kwamba hakuna kitu. Akailaza mdomo ukiangalia ukuta. Halafu ndipo akapiga magoti mbele ya babu yake.

"Sasa, Koko, unisamehe."

"Yaya, umesikia?" mdogo wangu akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Mutoto niliyemushonea nguo yake ya kwanza ya masomo! Leo ananipa amri kama kopolo! Na ile kitu haina hata kidonge ndani!"

"Najua haina, Koko," mtoto akasema, bado yuko chini. "Hata kama haina."

"Ndiyo sheria yetu ya kwanza, papa," kocha akasema pole pole. "Tupu au imejaa, mdomo hauangalii mutu. Hata mimi angenisemesha vile vile. Ameshanisemesha."

Binti yangu alinyamaza. Tangu nimzae ilikuwa mara ya kwanza.

Wote wakanigeukia. Nilijua wanachongoja. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa weka chini, na kama ningesema leo tumefika hapa, fungeni visanduku vyenu, hakuna ambaye angenilaumu. Mtoto alijua pia. Aliangalia mkeka.

"Leki," nikamwambia mdogo wangu, "unakumbuka lile lituma?"

Aliivua kofia yake. Hakuniuliza lituma gani.

"Nakumbuka, yaya."

"Siku ile nani alimwambia yule askari aweke chini?"

"Hakuna."

"Tulikuwa watu wazima wangapi mezani, na midomo yetu?"

Aligeuza kofia mikononi.

"Basi leo yupo wa kusema," nikamwambia. "Na amesemea kwangu. Mutoto, simama. Chagua bwana wako, mimi nataka kupika."

Aliposimama magoti yake yalikuwa na alama za mkeka. Kocha akampa ile nyeusi kwanza. Mtoto akasimama ubavu kuelekea ukuta, mkono mwingine mfukoni, akafunga macho, akainua mkono, akatulia, halafu akafungua macho na kuangalia.

"Mbona unafunga macho?" nikamuuliza. "Unalenga au unalala?"

"Macho yanausaidia mkono kudanganya, Koko. Nikiyafunga, mkono unakwenda unakotaka wenyewe. Nikifungua, naona kama bastola imekaa." Akajaribu tena. "Hii inaangalia pembeni. Kila mara nitakuwa naivuta."

Akachukua ile ya mbao. Nilikuwa namwangalia bega, sikuangalia bastola. Kwa ile nyeusi bega lilipanda kidogo, kama la mtu aliyebeba ndoo ya mwingine. Kwa hii lilikaa chini. Alipofungua macho alicheka peke yake.

"Lakini nyeusi inafaa kila mutu," binti yangu akasema, ulimi umemrudia. "Siku ya njaa tutaiuza mbio. Hii ya mbao nani ataitaka?"

"Na mkono wa kushoto!" mdogo wangu akaongeza. "Yaya, toka lini mkono wa kushoto unatoka mbele za watu?"

"Hampi mtu kitu, halishi mtu," nikamwambia. "Anatoboa karatasi. Karatasi haiulizi mkono. Hebu jaribu kuishika wewe."

Safari hii alimwangalia mjukuu wangu kwanza. Mtoto akapitisha ule uzi ndani yake, akampa, na akamwelekeza mkono kwa ukuta. Mdogo wangu ana vidole vya sindano, vyepesi, lakini ile mbao ilimkataa. Kidole gumba hakikupata nyumba, kiganja kikaning'inia. Akahangaika, akatabasamu mwisho.

"Inanikataa hii."

"Ndiyo ninayoitaka," nikasema. "Ile inayomkubali kila mtu haitalala kwangu. Mkwe anayemjua mkewe peke yake, huyo aingie."

Kocha alifunga ile nyeusi. Nikaenda kuweka ndizi motoni.

Sasa inalala katika sanduku langu la chuma, chini ya vikwembe vyangu vya harusi, na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kikwembe nilichovaa. Vidonge vyake vinalala chumba kingine. Siku ya mazoezi mtoto anapiga hodi, ananisalimia, ananyosha mkono wa kulia kupokea ufunguo. Anafungua mbele yangu, ananionyesha ule uzi, ndipo anakwenda mtoni. Jioni vile vile. Kufuta ile mbao nimejifunza mimi mwenyewe, kitambaa kikavu, bila mafuta. Kinshasa alikwenda, na simu iliyotoka huko ilikuwa fupi: "Koko, wamenichukua." Nilimwambia alete sabuni nzuri ya huko.

Mdogo wangu akija siku hizi, anauliza kabla hajaketi: "Yaya, mukwe iko wapi?"

"Amelala."

"Mdomo kwa ukuta?"

"Kwa ukuta."

Yeye anasema siku ile hakulenga jikoni, alilenga ukuta wa choo. Binti yangu anasema kofia haikuwa ya Ijumaa, ilikuwa ile ya kijivu. Inawezekana. Kama mlikuwepo, au mmesikia kwa mmoja wetu, na hapa nimepindisha kofia, mlango au nani aliketi wapi, pitieni kwangu mnisahihishe, kuna lituma na nitawasikiliza. Ila maneno yale mawili ya mtoto, weka chini, hayo msiyaguse. Hayo niliyasikia vizuri.