Wanzala Anazima Injini Kwa Mteremko

Mtaa yetu ya Kawangware 46 yote inampenda Wanzala. Hata mimi. Lakini kwa gari yake siwezi weka mtoto wa mtu.

Anaendesha van ya shule ndogo huku Kabiro. Mafuta ilipopanda bei, mwenye shule alimwambia ajipange, akajipanga mwenyewe. Alitoa keria ya juu ndio gari iwe nyepesi. Akaweka kipande cha mbao chini ya pedali ya mafuta ndio isikanyagike hadi chini. Hizo sawa. Gari ikaanza kutembea pole kama inaenda kuzika mtu, wazazi wakafurahi, hata jirani yangu Nelima, mwenye msichana wake Lavender hupanda hiyo van.

Shida ni swichi. Ni ya taa za nyumba, ameifunga kando ya usukani. Akifika mteremko wa kushuka mtoni anabonyeza, injini inazima, gari inateremka bure. Anawasha akifika chini.

Ndungu, fundi wetu, alimwonyesha ubaya wa hiyo van ikiwa imesimama, injini imezimwa.

"Kanyaga breki."

Ikaingia.

"Tena."

Ikaingia kidogo.

"Tena."

Ngumu kama ukuta.

"Umeona? Injini ndio hukusaidia kukanyaga. Ukiizima unabaki na mguu yako tu."

"Kwani mimi ni mtu wa mbio, Ndungu?" Wanzala akacheka. "Mimi hukanyaga mara moja, inatosha."

Hapo ndio alinimaliza. Jamaa anadhani pole pole ni breki.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Mkokoteni wa maji ukakwama katikati ya mteremko. Wanzala alikuwa ameshakanyaga kwa shimo, akakanyaga akipisha boda. Alipofika kwa mkokoteni, breki ikakataa. Usukani nao ukawa mzito. Van ilikwaruza ukuta wa ploti mpaka ikasimama, karibu igonge mwenye mkokoteni. Watoto wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo.

Na wazazi? Walimnunulia soda. Ati angekuwa hawa vijana wa mbio, tungekuwa tunachangia matanga.

Ni Nelima peke yake alimuuliza Wanzala mbele ya watu.

"Baba Austin, injini ilikuwa imewaka?"

"Mama Lavender, mtoto si amefika?"

"Nimekuuliza injini."

"Aki wewe mama! Unataka nifutwe kazi?"

Mzazi mwingine akamwambia Nelima awache roho chafu. Wengine wakacheka, maneno ikaishia hapo.

Nelima alimtoa Lavender kwa van. Siku hizi wanaenda kwa miguu, na watoto wengine wanamchekelea kwa dirisha. Jana asubuhi nilitembea nao. Katikati ya mteremko Nelima akamvuta mtoto ghafla mpaka kando ya mtaro. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Kugeuka, van ilikuwa hapo nyuma yetu, imejaa, haina mngurumo wowote, ni watoto tu wanaimba. Ikatupita. Wanzala akatupungia mkono.

"Mum, kesho nitapanda?" Lavender akauliza.

Nelima alikuwa amesimama, ameshika kola ya sweta ya mtoto, anaangalia van ikipotea kwa kona ya chini. Alikuwa anangoja kusikia injini ikiwashwa.