Uvundo wa Chumba cha Mazoezi cha Sayali

Jamani, mimi ni mtu wa kinyaa. Nasema mapema kabisa, anayekula aweke sahani pembeni kwanza.

Siku niliyoinua kipande cha sponji kule ghorofani kwangu na kukuta funza wanajipinda chini yake, nilitapika palepale. Juu ya sponji mpya. Sponji iliyonunuliwa kwa ajili ya goti la mwanangu!

Ngojeni nianze mwanzo.

Naitwa Mangal. Nimeolewa hapa Kolhapur, India, mji ambao mtoto akizaliwa watu wanamkagua mabega kabla ya sura. Huku mieleka ndiyo kila kitu.

Mume wangu Sarjerao alipigana ujanani, sasa anauza mbolea. Baba yake, tunayemwita Aba, ndiye mwenye jina. Alisimamia talimu ya mtaa wetu, ile nyumba ya mieleka yenye shimo la udongo mwekundu, mpaka mgongo ukamgomea.

Halafu kuna mwanangu Sayali. Ana miaka kumi na sita na anapigana kuliko wavulana wote wa ukoo huu. Anayebisha aje.

Mwaka jana aliumia goti, akapasuliwa. Daktari wake, mama mmoja asiye na mzaha, alituita pembeni.

"Mazoezi afanyie nyumbani kwanza. Lakini si kwenye saruji. Mtafutieni sakafu laini ambayo haibonyei mno. Hilo goti likijipinda tena, mieleka basi."

Mchujo wa mkoa ulikuwa baada tu ya mvua kukatika. Akipita, anakwenda kuishi na kusoma kwenye bweni la wanamichezo. Akikosa, ndiyo basi tena, kwa sababu shangazi zake walishaanza kuniletea picha za wachumba. Na mmoja ana kitambi, mwana wa watu.

Kwa hiyo ile sakafu haikuwa pambo. Ilikuwa maisha ya mwanangu.

Tukatoa magunia ya mbolea kwenye chumba cha juu, tukasugua, tukapaka chokaa. Aba alikuwa amekaa chini uani, anatutazama tukipanda na kushuka. Hakusema neno.

Na mimi sikutegemea aseme.

Maana Sayali alipokuwa mdogo, siku moja alimfuata babu yake talimu akakanyaga ule udongo. Mguu mmoja tu! Aba akambeba juu juu akamtoa nje. Kisha akaagiza pale alipokanyaga pachimbwe na udongo utupwe, kwa sababu mwanamke haingii humo. Mtoto alisimama mlangoni akaona unyayo wake unachimbwa kama uchafu.

Mimi lile jambo nililimeza, lakini halikushuka. Na tangu hapo Aba hakuwahi kwenda kumtazama Sayali akipigana. Hata siku moja.

Haya. Tukaenda kwa Popat, muuza mazulia na magodoro, mwanaume mwenye maneno mengi kuliko bidhaa.

"Dada Mangal, sakafu ni kama mume," akaanza. "Laini mno unazama, ngumu mno inakuvunja."

"Wewe lete sakafu, mume ninaye."

Akatoa vipande vya sponji vya kuchomekana, vile vyenye meno pembeni. Sarjerao akavua viatu, akarukaruka juu yake kama ndama. Akabonyeza kwa kidole gumba, sponji ikarudi yenyewe.

"Hii hii!" akasema. Mwanaume akisharuka juu ya kitu, hawezi tena kukiacha dukani.

Tukatandika. Sayali akaanza mazoezi yake, akapinduka, akajiangusha, goti kimya. Nikafurahi kweli.

Halafu harufu ikaanza.

Mwanzoni nilidhani ni soksi. Baadaye nikadhani panya amekufa. Ilikuwa harufu chachu, nzito, inakaa kooni. Nikafukiza ubani. Wapi! Ikawa sasa maiti mwenye manukato.

Ndipo nikainua kipande kimoja. Chini yake palikuwa na ute wa njano, mzito, unavutika kama kamasi. Na ndani ya ute, wale wageni wangu weupe.

Hapo ndipo nilipotapika.

Nilipomaliza, nilifunga kipande kimoja ndani ya gazeti, nikakibeba kama silaha mpaka dukani kwa Popat. Nikakitupa mezani kwake mbele ya wateja.

"Nusa!"

"Dada, tafadhali..."

"Nimesema nusa! Sponji yako inaoza! Inatoa usaha!"

"Dada yangu, sponji haiozi. Ina roho?"

"Sasa huo mchuzi umetoka wapi? Mimi nimeupika?"

Watu wakajaa mlangoni. Popat akaziba pua na kitambaa, macho yanamtoka, akakubali kunibadilishia yaishe. Safari hii nikachagua vigae vya mpira mweusi, vizito, vile ambavyo mtu akiangusha chuma havishtuki.

Nikasugua saruji kwa dawa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Tukatandika upya.

Mvua haijaisha, uvundo ukarudi. Tena sasa umechanganyika na harufu ya tairi. Pfuu! Nikikumbuka hata sasa mate yanajaa.

Na vigae vikaanza kuteleza. Sayali alikuwa anafanya zoezi la kuinuka akiwa na gunia begani, mguu ukachomoka. Nilisikia kishindo kutoka jikoni. Nilipanda ngazi sijui kwa miguu gani.

"Goti?"

"Zima, Mama. Lakini sakafu ina mafuta."

Nikapitisha mkono. Kweli ilikuwa na mafuta. Nikamgeukia Sarjerao.

"Wewe! Unapaka mafuta ya kuchua halafu unakuja kulala humu?"

"Mimi? Mimi hata kupanda huku sipandi, kunanuka!"

Na jikoni nako kulikuwa na vita yake. Mtindi ukawa unaisha. Nausukasuka vizuri, nautoa siagi, naufunika, asubuhi nakuta chungu kimepungua. Samli nayo hivyo hivyo.

"Baba Sayali, wewe na mtindi wangu mna nini?"

"Mke wangu, mtindi unanivuruga tumbo. Miaka yote hii hujui tumbo la mumeo?"

Nikamuweka kwenye orodha ya washukiwa hata hivyo.

Kisha yakaja makubwa. Sayali akatoka vipele. Mgongoni, shingoni, shavuni, vyekundu vyenye maji. Kocha wake alipoviona akashika kichwa.

"Mama Sayali, kabla ya kupima uzito wanakaguliwa ngozi. Mwenye ugonjwa wa ngozi hagusi mkeka, atawaambukiza wenzake. Hivi vikiwepo siku ile, anarudi nyumbani bila kupigana."

Mwanangu hakulia. Alivuta mtandio akafunika shingo. Afadhali angelia.

Usiku ule nililala na hasira. Nikaapa kukikicha tu nang'oa vile vigae vyote, navimwaga mlangoni kwa Popat, na yeye mwenyewe nimkalishe juu yake.

Alfajiri nikapanda na ndoo, mlango wa chumba cha mazoezi ukiwa wazi kidogo.

Nikachungulia.

Aba alikuwa amepiga magoti katikati ya chumba. Mzee ambaye daktari alimkataza ngazi! Ameshaoga, kichwa kibichi, kavaa nguo safi. Mkononi ana chungu kidogo cha shaba. Anamimina polepole kwenye maungio ya vigae, halafu anakandamiza kwa dole gumba, anasindilia ndani, huku midomo inamchezacheza kama anayesali.

Mtindi wangu. Samli yangu. Manjano na ndimu juu yake.

Ndoo ikanidondoka.

"Aba! Unafanya nini?"

Akashtuka kama mtoto aliyekutwa na kidole kwenye sukari.

"Shh! Mtoto atasikia."

"Mtoto? Aba, ni wewe? Huu uozo wote ni wewe?"

"Uozo gani? Nalisha uwanja."

"Unalisha nini?"

Akaniangalia kama anayemfundisha mjinga.

"Uwanja lazima ulishwe, mwanangu. Kule talimu udongo tulikuwa tunaupa mtindi, samli, manjano, ndimu. Udongo ulioshiba unampokea mtu akianguka. Wenye njaa unamvunja. Huyu mtoto kaangukia sakafu zenye njaa maisha yake yote, mpaka goti likakatika. Nani aliwahi kumlishia?"

"Aba, huu ni mpira! Mpira hauli!"

"Nimeona hauli," akasema kwa unyenyekevu. "Ndiyo maana nikawa naongeza."

Haki ya Mungu sikujua nicheke au nijirushe dirishani. Kinyaa kilinipanda hadi masikioni. Nikayasema yote, bila kumeza kitu. Nikamwambia kuhusu funza. Nikamwambia mafuta yake yalivyomtelezesha mtoto. Mwisho nikasema, "Na vile vipele vya Sayali, Aba, vimetoka humu. Mtoto analala juu ya maziwa yaliyooza. Atarudishwa mlangoni siku ya mchujo."

Akaitazama mikono yake, ile mikubwa, imejaa mtindi.

"Vipele ni mimi?"

"Ni wewe."

Akakaa chini kabisa, kwenye ule uchafu.

"Nilichimba unyayo wake, Mangal," akasema. "Mimi ndiye niliyesema utupwe. Alikuwa ananiangalia. Nikaona safari hii, kabla hajakanyaga, nimtengenezee mwenyewe."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Ningemwambia kwa mdomo upi?"

Ndipo nikasikia pumzi nyuma yangu. Sayali alikuwa amesimama mlangoni, nywele hazijachanwa. Sijui alikuwa pale tangu lini, ila kwa macho yake nilijua amesikia.

Akaingia. Akamsimamia babu yake.

"Aba, umeniunguza mgongo mzima."

"Ndiyo."

"Na hujawahi hata kuja kuniona nikimpiga mtu chini."

"Ndiyo, mwanangu."

Akamshika chini ya makwapa, akamwinua yule mzee mzima kama gunia lake la mazoezi. Goti halikutikisika.

"Nenda kaoge, unanuka," akamwambia. "Ukimaliza uje ukae kwenye kiti chako cha uani. Leo nafanya mazoezi uani na nataka uniangalie."

Mzee alishuka ngazi analia, mtindi unamdondoka kwenye viwiko. Na mimi, mtu wa kinyaa, nilimfuata nyuma nikipangusa, huku kamasi zangu zikichanganyika na harufu ile. Tuishie hapo.

Kwa Popat ilibidi nirudi. Nilivaa sari nzuri ili angalau aibu initoshe.

"Popat, sponji yako haikuoza. Mpira wako pia. Tulikuwa... tunalisha."

Akanitazama, akaelewa, maana na yeye ni mtoto wa mji huu. Alicheka mpaka akashika rafu ya magodoro.

"Dada, ungeniuliza ningekuambia havina mdomo!"

Alipomaliza kucheka alituchagulia kitu chenyewe. Mkeka wa mieleka, sponji nzito iliyoshindiliwa, imefunikwa turubai moja kubwa isiyopitisha maji. Hauna meno wala maungio, unapangusa kwa maji ya dawa ukimaliza. Ukiubonyeza kwa kisigino unakubali kidogo, kisha unakusukuma.

"Hata Aba akileta samli," akasema Popat, "itabaki juu, utaiona."

Ila Aba hakuleta tena. Sayali mwenyewe alikwenda talimu, akasimama nje mlangoni, akaomba karai moja la udongo mwekundu. Wakampa, maana Aba alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo. Karai likakaa nje ya mlango wa chumba chake cha mazoezi, na babu analilisha humo humo. Kila asubuhi Sayali anagusa udongo kwa kidole, anagusa paji la uso, ndipo anaingia.

Vipele vilikauka kwa dawa, vikaacha madoa. Siku ya mchujo mkaguzi alimgeuzageuza mwanangu kama anayenunua bilingani. Alibonyeza shingo, akabonyeza shavu, akamwita mwenzake naye abonyeze.

"Makovu tu. Pita."

Na akapita kweli. Mapambano yote. Lile la mwisho alimlaza msichana wa watu mabega yote mawili chini, na kwenye jukwaa mzee mmoja mwenye kilemba akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka: "Mjukuu wangu huyo! Aliyekanyaga ni mjukuu wangu!"

Watu walidhani amechanganyikiwa. Lakini Sayali alielewa, nikamuona anatazama juu, anacheka.

Basi wenzangu, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilipigana na mwenye duka na mume wangu, kumbe wa kumuuliza alikuwa amekaa uani kwangu, ana maneno aliyokosa pa kuyamwaga. Ukiona mtu wako kanyamaza, muulize. Maana asiposema, jambo lile atalifanya kwa njia yake, na unaweza kulikuta chini ya sponji.

Sayali sasa yuko bwenini. Karai limebaki palepale mlangoni, Aba hataki liondolewe, mtoto akirudi likizo akute limeshiba.

Linanuka, tena linanuka vibaya, na kinyaa changu hakijapungua hata chembe.

Ila mgongo wa Aba haupandi ngazi tena. Kwa hiyo kila alfajiri naziba pua kwa ncha ya sari, nachukua mtindi, nalilisha mimi.