Irungu Hafuti Bila Kuuliza

Ukitaka kumkasirisha Irungu wa video, mwambie kwamba wapiga picha wa Kitengela hupoteza kazi za watu. Ataacha chai yake ipoe. Atakufungulia kabati la chuma akuonyeshe diski zake, zimelala juu ya vitambaa vya flaneli, kila moja imebandikwa karatasi yenye mwaka na herufi. Vitambaa hivyo nilimkatia mimi. Nashona sare za shule mlango wa pili, na ukuta unaotutenganisha ni wa plaiwudi, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua. Mengine ningependa nisiyajue.

Alizaliwa Illasit, ambako baba yake alilima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji. Nusu ya darasa lake walikuwa Wamaasai, lakini Kimaa alichoshika ni salamu na maneno ya kuuziana nyanya. Anasema hakuwa na haja ya zaidi, kila mtu pale alijua Kiswahili. Kamera aliishika mara ya kwanza kanisani, siku mpiga picha aliyeagizwa hakutokea, na tangu siku hiyo hakuiweka chini. Alikuja Kitengela wakati kila aliyeuza kipande cha ardhi alikuwa na sherehe ya kurekodiwa: harusi, ruracio ya kupeleka mahari, shukrani ya mtoto aliyemaliza chuo.

Irungu si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana watu wabaya hawana shida, unawajua na unawakwepa. Huyu ni mwangalifu, na mtu mwangalifu hana dawa.

Uangalifu wake ulikuwa na sababu. Kulikuwa na mpiga picha mwenzake hapa mjini aliyeuza kompyuta yake kuukuu kwa mtu wa mitumba bila kuisafisha vizuri. Alikuwa amefuta, ndiyo, lakini alifuta kama wengi wetu tunavyofuta. Aliyeinunua alizifufua picha za bi harusi mmoja, zile zilizopigwa chumbani akivaa, zikazunguka kwenye simu za mji mzima. Yule bibi alihama. Irungu aliapa kwamba hilo halitatokea kwake. Alijifunza kwamba ukibonyeza kufuta, kompyuta haifuti kitu. Inang'oa tu namba ya mlango, na mwenye nyumba bado yuko ndani. Kwa hiyo alitafuta programu inayoandika sifuri juu ya diski yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ikimaliza hakuna fundi wa Kitengela wala wa Nairobi wa kurudisha kitu. Siku akifanya kazi hiyo, diski hunguruma kutwa nzima kule ng'ambo ya plaiwudi, naye hutembea akijipigapiga kifua. Husema hata yeye mwenyewe hawezi kuirudisha.

Si hilo tu. Kila kazi aliiweka mara mbili: diski moja kabatini, nyingine kwa dada yake Nyawira huko Kisaju, ndani ya sanduku la nguo, ili mwizi au moto usichukue zote. Na juu ya yote hayo alikuwa na sheria yake kuu, ambayo aliitangaza kila mahali, mpaka kwenye kikundi cha wanaume kanisani: yeye hafuti bila kuuliza. Anampigia mteja simu, anamtajia jina na sherehe, anamuuliza kama bado anazitaka zile picha ambazo hazijakatwa. Anayetaka huja na flashi yake. Asiyeshika simu hupigiwa tena wiki nyingine. Na anayekata simu, kwa Irungu, huyo amejibu kwamba hazitaki.

Mwaka huu diski moja ya miaka ya nyuma ilianza kugonga ndani kama saa mbovu. Irungu akaona wakati umefika wa kuhamisha zinazotakiwa na kusafisha zilizobaki, za kabatini na za Kisaju pia, maana nakala iliyosahaulika kwenye sanduku la mtu ndiyo huleta aibu. Akaanza kupiga simu, spika imefunguliwa. Nilicheka sana wiki ile. Mama mmoja alimwambia afute mume abakishe keki ya harusi. Mwingine alimuuliza kama programu yake inaweza kufuta na madeni. Irungu alikuwa akijibu kwa ile sauti yake ya wateja, tamu kama ya mhubiri wa redio.

Kisha akampigia Mama Caroline. Ndivyo alivyomwandika kwenye simu yake, kama sisi sote tunavyowaandika akina mama wa watu.

"Mama Caroline, habari ya siku mingi? Ni Irungu wa video. Niko na clips za Caroline, za ile siku ya shukrani, zile zote kabla nikate. Bado anazitaka ama nifute?" Akangoja. "Hallo? Mama Caroline? Basi mwambie Caroline anipigie."

Upande wa pili hapakuwa na neno. Akauliza tena, simu ikakatwa. Akaniambia kupitia ukutani kwamba watu wengine wana madharau, akaendelea na jina lililofuata.

Yaliyobaki niliyapata baadaye kutoka kwa Hillary, kijana wa huyo mama. Mama mwenyewe anaitwa Ruth, mke wa mzee Parsaoti, na boma lao liko mbele ya mji wa Kajiado. Caroline alikuwa binti yao wa kwanza, na wa kwanza bomani kumaliza chuo cha ualimu. Walimfanyia shukrani kubwa, mbuzi wakachinjwa, hema likafungwa, Irungu akaitwa na kamera yake. Caroline alipopewa maikrofoni, mama yake alikuwa nyuma ya nyumba na masufuria, kwa sababu mwenye sherehe hakai hemani wageni wakiwa hawajala. Alisikia sauti ya mtoto wake ikipasuka kwenye spika na upepo ukiichukua, lakini maneno hakuyapata. Wanawake walimkimbilia wakimwambia binti anamsema yeye, aende asikie. Ugali ulikuwa jikoni, akasema anakuja. Alipofika hemani watu walikuwa wanapiga makofi. Jioni alimuuliza Caroline alisema nini juu yake, Caroline akacheka akamwambia, "Utaona kwa video, yieyo."

Video ilitumwa kwa matatu, ikafika bomani ikakuta matanga. Caroline aliumwa kichwa mwanzoni mwa juma, na juma halikuisha. Mzee Parsaoti aliifunga ile CD kwenye gazeti akaiweka juu ya kabati.

Sasa, katika boma lile, aliyekufa akiwa kijana hatajwi jina. Ni watu wa kanisa, mchungaji aliomba, kwaya iliimba, lakini jina lilibaki kaburini na hakuna aliyelifuata. Majirani waliokuwa wakimwita Ruth Mama Caroline walianza kumwita Mama Hillary siku ileile, bila kuambiana. Wote waliosikia ile hotuba walinyamaza nayo, kwa sababu utaisimuliaje bila kumtaja aliyeisema? Miaka ikapita hivyo. Masikio ya Ruth hayakulisikia jina lile tena, mpaka Irungu alipopiga simu na sauti yake ya wateja.

Hillary alimkuta mama yake jikoni, simu mapajani, mboga zimeshikana na sufuria. Baadaye, kwa mara ya kwanza, mama aliomba ile CD ishushwe. Hillary aliipeleka kwenye kompyuta ya kazini kwake, wakakaa wawili wakaitazama. Wakamwona binti amesimama na joho lake, anawashukuru wageni, kisha anageuka upande wa jikoni. Anamwita mama yake, "Yieyo." Hapohapo wimbo wa kwaya unaingia juu ya sauti yake. Midomo yake inaendelea kidogo tu, halafu picha inahamia kwa wageni wakila.

Hillary alimwambia mama yake asijali, watu wa video huwa na yote ambayo hawakuyatia. Mama akasema anajua, yule mtu mwenyewe alimwambia kwa simu kwamba anayo. Ilibidi mzee aulizwe kwanza. Parsaoti alikaa na jambo hilo, akienda na ng'ombe na kurudi nalo, mpaka asubuhi moja akawaambia waende.

Walikuja wakati mimi nafungua duka. Ruth alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kumwona mkwe, shanga zote, shuka imepigwa pasi. Irungu aliwapokea kwa furaha. "Takwenya, yieyo," akamsalimia kwa Kimaa chake kidogo, na mama akaitikia, "Iko," Irungu akavuta viti. Hakuna kinachomfurahisha kama mteja anayerudi. Hillary akaeleza kwamba wanataka video yote ya shukrani iliyofanywa kwa mzee Parsaoti. Irungu akauliza jina la aliyehitimu. Hillary akasema ni dada yake. Irungu akacheka kidogo, huku akigongagonga kibodi, akasema kompyuta haijui dada wa mtu, aambiwe jina. Hillary aliniambia baadaye kwamba hapo alimtazama mama yake.

"Jina ulilisema wewe, kwa simu," mama akasema.

Nilisimamisha cherehani. Nilisikia Irungu akiacha kuandika.

"Mama, nilikupigia," akasema polepole. "Nikauliza mara mbili. Ukanyamaza, ukakata."

"Nilinyamaza kwa vile alishakufa," Ruth akasema. "Na wewe uliniambia nimwambie akupigie."

Irungu akaomba msamaha. Aliomba vizuri, kwa Kiswahili cha kanisani, na najua aliomba kwa moyo. Hillary hakutaka msamaha, alitaka kujua kama kuna nakala nyingine. Irungu akakiri kwamba ilikuwepo, Kisaju, kwa dada yake. Nikasikia kiti kikisukumwa, kijana amekwisha kusimama aende Kisaju saa hiyohiyo, na Irungu akamwambia akae. Ya Kisaju ndiyo iliyosafishwa ya kwanza. Basi Hillary akataja mafundi wa Nairobi wanaofufua vitu vilivyofutwa, na Irungu akaanza kumweleza habari za sifuri, jinsi zinavyoandikwa juu ya kila kitu mpaka mwisho, kwamba hata serikali ije haitatoa kitu. Mle mle katikati ya aibu yake, sauti ilikuwa na majivuno kidogo. Nilimchukia. Nimekaa na mtu huyu jirani muda mrefu, tumegawana chai na umeme, na wakati ule ningempiga na pasi ya makaa.

Nilitoka nikaenda kusimama mlangoni kwake. Sijui nilitaka kufanya nini. Ruth alikuwa ametulia kuliko sisi wote. Alimuuliza Irungu kama ile video ya CD aliikata yeye mwenyewe kwa mikono yake. Irungu akasema ndiyo, kazi zote hukata yeye, na vidude vya kusikilizia masikioni, hamwachii mtu.

"Basi ulimsikia," mama akasema.

"Nilimsikia sana, mama. Hapo nilirudia rudia nikitafuta pa kukatia."

"Alisema nini?"

Irungu alifungua mdomo. Nilimwona usoni jambo hilo likimfikia, taratibu.

"Mama, aliongea Kimaa," akasema.

Ruth aliendelea kumtazama, anangoja. Irungu akajaribu kumpa alichokuwa nacho. Akasema aliongea muda mrefu. Akasema alionyesha jikoni kwa mkono, mara watu wakacheka, mara wakanyamaza, na mwishoni alijifuta macho kwa kitambaa cha joho na ilibidi mtu amshikie maikrofoni. Kila alichosema, mama alitikisa kichwa akikipokea. Hillary alikuwa amegeukia ukuta. Kisha Irungu akaishiwa.

"Sasa mbona ulimkata?" Ruth akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua.

Irungu akanitazama mimi, kana kwamba nilikuwa na kitu cha kumsaidia. Ningekuwa yeye ningedanganya, ningesema sauti iliharibika, ningesema upepo. Lakini ni mtu mwaminifu, na hilo nalo halina dawa.

"Ilikuwa ndefu, mama," akasema. "Na wageni wanapendanga kujiona wakikula."