Mchanga Katika Ufuta wa Bi Zuhura

Bi Zuhura Msabaha hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Alizaliwa hapa kijijini kwetu, upande wa Miono, akaolewa Vigwaza, na ndoa ilipomshinda akarudi na watoto wawili kulima shamba la ufuta aliloachiwa na baba yake. Watoto wamekua, wameondoka. Mmoja yuko Ubena na huja sikukuu. Mwingine hatujui aliko, na hatumuulizi mama yake. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa ya makuti yaliyokwisha kuchoka, na kila msimu ulipoanza alisema kwamba mwaka huu, ufuta ukikubali, ataezeka bati.

Ufuta wetu siku hizi hauuzwi mlangoni. Unapelekwa kwenye ghala la chama, unapimwa ubora, unachanganywa na wa wenzako, ndipo unapigwa mnada. Kwa hiyo magunia machache machafu huweza kushusha daraja la kijiji kizima. Mpimaji wetu alikuwa kijana anayeitwa Mikdad. Alikuwa na bambo lake, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia punje zikatiririka nje, na alikuwa akichoma pembe ya chini tu. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na pembe ya chini ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake. Lakini gunia likishapanda pikipiki kutoka shambani, kwa njia zetu hizi, vumbi lote hushuka chini. Bambo lilitoka na vumbi, na mwenye gunia aliambiwa daraja la pili, akaenda zake akinung'unika.

Mwaka juzi, kwenye mkutano wa chama, Bi Zuhura alisimama. Hata Mzee Dadi, mwenyekiti, alishangaa kumwona.

"Mikdad, mwanangu," alisema, "nikikukaribisha pilau, ukachota ukoko wa chini peke yake, utasema nimepika nini?"

Watu wakacheka. Herman, ambaye sauti yake ni kubwa kuliko shamba lake, akapaza kutoka nyuma: "Atasema Bi Zuhura kaunguza!"

"Basi ndivyo mnavyotuunguza kila mwaka," akamjibu. "Achome juu, achome katikati, achome chini. Achanganye kwenye sinia, mwenye gunia akiona. Ukiwa mchafu, nirudishie nikausafishe. Ukiwa safi, niambie ni safi."

Ilibishaniwa sana. Mwishowe Mzee Dadi akaupitisha utaratibu huo, akaongeza sharti moja: kila upimaji uwe na mkulima mmoja wa kusimama penye sinia kama shahidi, na bila shahidi gunia lisipimwe. Walipouliza nani asimame, Herman ndiye aliyelitaja jina la Bi Zuhura, kwa kejeli. Likapita hivyo hivyo.

Mwaka jana, ufuta ulipokuwa umekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu ukauke, jirani yake Genoveva akafiwa na mumewe, Ferdinandi. Genoveva ni Mkatoliki, watu wake ni wa bara, na wageni walikuja wengi. Bi Zuhura alikuwa na turubai kubwa, la kukung'utia ufuta wake. Alilichukua mwenyewe kichwani akaenda kuwatandia waombolezaji kivuli.

Kwetu, kitu kilichokwenda msibani hakidaiwi. Mwenye msiba atakirudisha akishamaliza arobaini, na ukikiulizia kabla ya hapo ni sawa na kumwambia kilio chake kimekuchosha. Ukoo wa Genoveva ni wa mbali, lakini wameishi hapa miaka mingi na desturi yetu wanaifuata kuliko wengine wetu. Ila ufuta haungoji. Maganda yake yakishakauka hupasuka, na ukichelewa punje zote zinaishia ardhini.

Nilipita kwake siku moja nikitoka shuleni. Alikuwa amefagia uwanja, ametandika majamvi mawili ya zamani yaliyotoboka, na juu yake anakung'uta mafungu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwalimu. Usinitazame hivyo. Nitaupepeta."

"Kwa nini usiazime turubai la mtu mwingine?"

"La nani? Kila mtu anakung'uta."

Aliupepeta kweli, tena na tena. Lakini ungo huondoa makapi. Mchanga wa kwetu ni mdogo kama ufuta wenyewe na una uzito wake, ungo hauutoi. Nadhani alilijua hilo. Nadhani pia alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hujiambia kwamba ni kidogo tu.

Siku ya kupima kwa ajili ya mnada wa mwisho wa msimu, lori lilikuwa limekwisha fika kungoja shehena. Bi Zuhura alisimama penye sinia tangu asubuhi. Magunia ya Herman yalipochomwa, mchanga ulionekana waziwazi. Mikdad akamtazama Bi Zuhura, naye akatikisa kichwa.

"Yarudi yakachekechwe," alisema.

"Mama we, mchanga huo ni wa kuhesabu!" Herman alilalama. "Lori litaniacha!"

"Basi fanya upesi, baba. Machekeche hayo hapo ukutani."

Herman akayaburuta magunia yake uani akisonya. Baadaye ikafika zamu ya magunia ya Bi Zuhura mwenyewe. Aliyatazama yakishushwa. Mimi nilikuwa nimekuja kumsindikiza Genoveva, aliyekuwa na gunia lake dogo, na nilimwona Bi Zuhura akipangusa viganja kwenye kanga.

Mikdad akainama kama anayelegeza kamba ya gunia, akasema kwa sauti ya chini, nasi wa karibu tukasikia: "Shangazi, hapa nitachoma juu tu. Hakuna anayeangalia."

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza tu kungetosha, na bati lingepanda juu ya nyumba yake kabla ya vuli.

"Choma kama unavyowachomea wengine," alisema.

Akachoma juu, katikati, chini. Ufuta ukamwagika kwenye sinia, mweupe, mzuri. Mikdad akautandaza kwa kiganja. Mchanga ulikuwapo. Haukuwa mwingi, lakini haukuwa wa kubishaniwa, hasa siku ile, baada ya Herman.

Herman hakukawia kuinua kichwa kule uani. "Haa! Msimamizi naye kaleta kokoto! Bi Zuhura, pilau imeungua leo!"

Wengine wakacheka, wengine wakatazama chini. Mzee Dadi akamuuliza kwa upole: "Mdogo wangu, imekuwaje? Wewe si mtu wa mchanga."

Genoveva alikuwa amesimama nyuma yangu, katika gauni lake jeusi la msiba. Bi Zuhura alimtazama mara moja, kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Haraka zangu, kaka. Yawekwe pembeni."

Akayaburuta uani, akaketi chini, akavuta chekeche. Genoveva, ambaye gunia lake lilikuwa limekwisha kupimwa kabla ya hapo, alimfuata, akajikunja karibu naye na kushika chekeche la pili.

"Jirani, wewe na mchanga wapi na wapi?"

"Uzee, mama. Macho yanakataa."

"Ungeniambia nikusaidie kupepeta. Mimi nimekaa ndani tu, naangalia ukuta."

"Wewe ulikuwa na yako," alisema Bi Zuhura, akaendelea kuchekecha.

Walikuwa hawajafika nusu ya gunia la kwanza Herman alipomaliza yake. Mikdad akachukua bambo, kisha akasita. Shahidi hayupo penye sinia. Mzee Dadi akauliza nani asimame badala yake, na watu wakaanza kutazamana. Kusimama pale ni kujitafutia maneno. Walikuwa wamekwisha kuona yaliyompata Bi Zuhura. Dereva wa lori akapiga honi.

"Bi Zuhura," akaita Herman, na safari hii sauti yake haikuwa kubwa. "Mama yangu. Njoo mara moja."

Genoveva akamshika mkono. "Usiende. Muda wenyewe huna. Yeye si ndiye aliyekucheka?"

"Nisipokwenda hayapimwi."

"Yasipimwe!"

Bi Zuhura aliinuka, akakung'uta vumbi mapajani, akaenda. Magunia ya Herman yalikuwa mengi, na yeye hakukubali liachwe hata moja bila kuchomwa mara tatu. Yote yalikuwa safi, naye akasema ni safi, kwa sauti ya kusikika. Wapagazi wakayapakia. Genoveva alikuwa bado anachekecha peke yake, mabega yakienda kwa kasi, wakati turubai la lori lilipofungwa kamba na lori likaondoka kuelekea Chalinze. Herman aliketi mbele karibu na dereva. Alinyoosha mkono dirishani, sijui kama kuaga au kushukuru.

Walimaliza kusafisha jioni. Ufuta ulikuwa safi kiasi kwamba Mikdad, bila kuombwa, aliuchoma na kuutandaza kwenye sinia, akasema: "Daraja la kwanza, shangazi." Lakini mnada ulikuwa umekwisha, na ghala lilikuwa linafungwa kwa msimu. Bi Zuhura akaurudisha nyumbani.

Mawingu ya vuli yalipoanza kukusanyika, mlanguzi alikuja. Huja kila mwaka wakati huo, anapojua ni nani aliyebaki na mzigo. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye salamu nzuri. Nilikuwa nimeketi barazani na Bi Zuhura tukichambua kisamvu, mlanguzi akamwamkia kwa heshima zote, akafungua gunia, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa gao moja la ufuta. Akatafuna punje kidogo, akatema.

"Una mchanga huu, mama yangu. Nitakupa bei ya daraja la pili."

"Huo hauna mchanga," alisema Bi Zuhura. "Ulipimwa. Daraja la kwanza."

"Na nani?"

"Mpimaji wa chama."

"Yuko wapi nimuulize?" Alitazama huku na huku uwanjani, akitabasamu, kama anayemtafuta kweli. "Mama, ghala limefungwa. Mimi nimeuonja kwa ulimi wangu, na ulimi wangu ndio utakaolipa."

Nilifungua mdomo, lakini Bi Zuhura aliniwekea mkono gotini. Alitazama juu kwenye makuti, ambako mwanga ulikuwa ukipita, kisha akatazama mawingu upande wa bahari. Vijana wa mlanguzi walikuwa wamekwisha kushika magunia wawili wawili, wakingoja aseme.

"Chukueni," alisema. "Msiyaburute, yatapasuka."