Bati la Mtani

Soko letu halikuwa na paa. Halmashauri ilikuwa imelinunulia mabati, na watu waliliona lori likiyapitisha Kibiti. Kisha masika ikaingia, na mama akaendelea kufunika mchele wake kwa turubai lililotoboka. Nyumba mpya ya diwani, nyuma ya msikiti, ilikuwa inang'aa.

Miaka ile ya ruksa, vyama vingi viliporudi, kila mtu alikuwa na la kusema.

"Safari hii tumpe wa chama kipya," alisema muuza mitumba.

"Naye nyumba yake ya makuti," akajibu muuza chumvi, jirani ya mama. "Unadhani yeye hataki bati?"

Wakacheka, kisha wakachoka hata kucheka. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar na maneno mengi ya vitabuni. Nikawaambia wamkabili diwani. "Mwanangu," muuza chumvi akasema, "wewe utapanda basi. Sisi tunazikana naye."

Mama hakubishana. Ukoo wetu na wa diwani ni watani tangu enzi za mababu, na mtani msibani husema lolote asishikwe. Mamake diwani alipofariki, mama alikwenda. Jeneza lilipotaka kutoka, akaketi kizingitini, miguu kainyoosha.

"Hapiti mtu! Mwizi we, bati letu umelala chini yake, na soko zima tunalowa!"

"Mtani, tupishe," diwani akasema, macho mekundu.

"Sinyanyuki. Bati kwanza!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Neno lile lilikuwa halijapata kutamkwa mbele yake. Diwani naye akacheka huku akijifuta machozi. Akaagiza bati moja litolewe uani, akamwekea mama mapajani. Mtani akipewa, ameridhika, ndiyo desturi. Mama akasogea, jeneza likapita.

Siku ya mkutano wa hadhara, muuza chumvi alijikaza akasimama, akauliza yalipo mabati ya soko. Diwani akamnyooshea mama mkono.

"Mwulizeni mtani wangu. Alidai, nikampa. Au sikukupa, mtani?"

"Ulinipa," mama akasema.

Watu walicheka kuliko siku ya msiba. Muuza chumvi akaketi, na mwenyekiti akaingia kwenye habari ya choo cha shule.

Njiani nilimwambia mama angesema kwamba moja halitoshi.

"Mtani hadai mara mbili," alijibu, bila kunitazama. "Akidai tena, huyo ni mgomvi."

Alilipigilia bati lile liwe paa juu ya meza yake, kwa kuwa mchele ukilowa haununuliki. Mvua iliyofuata ilikuja mchana, nzito. Chumvi ya jirani ilianza kuyeyuka kwenye magunia, maji meupe yakitiririka hadi miguuni kwetu.

"Sogea huku, kaka, pana nafasi," mama alimwita.

Muuza chumvi alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu. Alijifanya hajasikia.