Jezi ya Nailoni Kwenye Moto wa Mlimani

Nilienda kuzima moto wa msitu nikiwa nimevaa jezi ya nailoni na ndala. Kabla ya kupanda nikajipiga picha, nimekunja sura kama mwokozi wa taifa.

Ilikuwa Jumapili. Moshi ulionekana juu ya mlima Kambu, pasta akiwa bado anahubiri, na tangazo likatoka: vijana wote mlimani. Mama alinitingishia kichwa kutoka upande wa akina mama. Mimi nikafunga macho kama mtu anayesali. Nilipitia nyumbani kubadilisha nguo, maana nikichoma suruali ya kanisa Mama ataniua. Ndiyo maana jezi ya shule.

Kamanda wetu alikuwa mjomba, ndugu yake Mama. Sifa yake ya kazi ni moja: ana mizinga ya nyuki kule juu. Kwetu ukishafukuza nyuki kwa moshi unajiona fundi wa moto, na mimi niliyemshikia ndoo ya asali nilijiona naibu fundi. Mlimani tulikuta askari wa wanyamapori na wenzake wakifyeka nyasi ili moto ukifika ukose chakula. Akatuomba tufyeke nao, tusipite hapo. Mjomba akamjibu kwamba mizinga yake haiwezi kungoja.

Tukapita. Tukauchapa moto kwa matawi mabichi huku tukiuzomea kama timu ya ugenini, na kusema kweli tulikuwa tunaongoza. Kisha upepo ukageuka. Mjomba akaamuru tukimbie juu, na hapo ndipo nilipojua kwamba moto hupanda mlima kwa kasi kunishinda.

“Shukeni! Ingieni palipoungua!” askari akaita kutoka chini.

Tukaruka pale miali ilipokuwa mifupi, tukaangukia kwenye majivu. Ndala zangu ziliyeyuka. Cheche zikanipata begani. Mjomba alikohoa mpaka akakaa chini, akashindwa kuinuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sikuwa na mzaha wowote. Askari walimbeba. Mizinga yote iliungua. Nyuki walikuwa wametoroka mapema. Kati yetu wote, wao tu ndio walikuwa na akili.

Nyumbani, jezi ilikuwa imenigandia begani. Mama akanimwagia maji baridi polepole. Nikamwambia angalau suruali ya kanisa ni nzima.

Hakucheka. Akasema, “Jezi ni ya shule, utawalipa. Hii ngozi ni yangu. Nani alikupa ruhusa ya kuipeleka huko?”