Gari la Kwenda Thelujini

Bosi wangu wa Riyadh alichagua gari kwa kulipima na vitu viwili: mbao zake za kuteleza kwenye theluji, na mimi. Mbao hizo wenyewe wanaziita ski. Zilikuwa ndefu kunishinda, alizileta kutoka ng'ambo alikosomea ujanani, na kwa miaka mingi zilikuwa zimelala stoo nyuma ya magunia ya mchele. Mimi nilikuwa mpishi, yaya na mfuaji wa nguo wa nyumba ile, kwa hivyo nami nilikuwa wake, kwa njia ya ikama, kile kibali cha kuishi kilichofungwa kwa jina lake.

Yote yalianza na video aliyotumiwa kwenye simu. Milima ya Tabuk, huko kaskazini, ilikuwa imeangukiwa na theluji, na watu wa nchi nzima walikuwa wakiendesha magari kwenda kujionea. Bosi aliitazama mara nyingi akiwa amekaa sebuleni na kanzu yake nyeupe, huku kiyoyozi kinanguruma. Akaapa kwamba msimu wa baridi unaokuja angewapeleka watoto, wajifunze kuteleza kama alivyojifunza yeye. Lakini gari la nyumbani lilikuwa dogo. Kulikuwa na yeye, madam, watoto wanne na mimi. Na ski zilikuwa lazima zilale ndani, si juu ya paa, kwa sababu huko juu mchanga wa njia ndefu ungezikwaruza.

Mimi theluji haikunishughulisha hata kidogo. Nimezaliwa Kinangop. Mtu wa Kinangop humwambii habari za baridi. Kilichonishughulisha kilikuwa njia. Madam alisema watapitia Jeddah kwanza, walale usiku mmoja kwa dada yake, kisha washike barabara ya pwani hadi kaskazini. Na Jeddah, katika mtaa wa Bani Malik, alikuwako dada yangu.

Huyo ndiye kifungua mimba wetu. Mama alipofariki, ni yeye aliyenilea na kunisomesha. Aliniacha Kenya akaja huku miaka ile mawakala walipokuwa wakitujaza kwenye ndege kama viazi kwenye gunia, nami nikamfuata mwaka uliofuata. Tulikuwa nchi moja miaka minne na hatukuwa tumeonana. Ukikaa ndani ya nyumba ya watu, nchi moja ni maneno tu. Kisha akaanza kuugua figo. Nyumba aliyofanyia kazi ilimchosha akatoroka, kwa hivyo hakuwa na kafili, yaani mwajiri wa kumdhamini, wala ikama, na bila ikama hospitali wanakutazama tu. Alikuwa akiishi kwenye chumba cha kupanga na wanawake wengine wa Kenya, wanamchemshia uji. Nilipompigia simu, sauti yake ilikuwa inapungua wiki baada ya wiki. Nilitaka kumwona kabla haijaisha. Hilo tu.

Nilimwomba madam peke yake, tukiwa jikoni. Nilisema nina jamaa yangu Jeddah, ningependa kumsalimia tukipita. Sikusema ni dada, sikusema ni mgonjwa, na habari za kutoroka ndizo kabisa sikuzigusa. Bosi alikuwa mtu wa kufuata sheria. Angeripoti, tena angelala usingizi mzuri akijua amefanya jambo jema. Madam akasema, "Mafi mushkila, hakuna shida. Mwambie aje mlangoni kwa dada yangu, mkae pamoja sisi tukipumzika. Inshallah." Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha. Lililobaki ni gari.

Wacha nikwambie, sijawahi kuona mtu akisumbukia gari namna ile. Kila wikendi tulikuwa kwenye maduka ya magari, familia nzima, ski zikiwa zimefungwa juu ya gari la zamani. Nje joto bado linachoma, na mwanamume mzima anaingia dukani amebeba mbao za theluji begani. Wauzaji walikuwa wakigeuza nyuso ili wacheke. Bosi hakujali. Anafungua mlango wa nyuma, anazisukuma ndani, anachungulia, kisha ananiita, "Yalla." Zamu yangu. Napanda hadi kiti cha mwisho kabisa, nawekewa kitinda mimba wao mapajani na sanduku miguuni, magoti yanafika kidevuni. Bosi anauliza, "Tamam?" Nami najibu tamam, niko sawa.

Gari la Kimarekani lilikuwa na nafasi ya kufuga ng'ombe, lakini ncha za ski zilikuwa zinanichoma sikio. La Kijapani ski zilikaa vizuri, ila kiti cha nyuma kilitengenezewa watu wasio na makalio. Moja madam alilikataa kwa sababu halikuwa na friji ndogo katikati ya viti. Jingine bosi alilikataa kwa sababu weupe wake haukuwa weupe. Kila aliposema "Halas, tutaangalia tena wiki ijayo," nilikuwa natamani kuuma tairi. Wao walikuwa na wiki za kuchezea. Dada yangu hakuwa nazo.

Ijumaa nilikuwa nampigia kwa simu ya mwanamke mmoja wa chumbani mwao, kwa kuwa yake ilishaharibika. Namsimulia yote. Alikuwa mtu wa utani tangu tukiwa wadogo, na ugonjwa haukumtoa tabia.

"Kwani huyo bosi wako anachagua gari ama anachagua bibi?" aliuliza.

"Bibi angekuwa ameshapata."

"Mwambie anunue basi tumalize hii maneno."

Alicheka mpaka pumzi ikamwishia, nikamsikia akihema. Ilipomrudia, aliuliza lile alilokuwa akiuliza kila wiki, "Lakini wewe huko nyuma, umetoshea?"

"Nimetoshea."

"Basi hilo linafaa. Alichukue hilo."

Lilipatikana msimu wa baridi ukiwa umeshaingia. Kubwa, jeupe, viti vya watu wanane, na ski zinapita katikati bila kumgusa mtu. Bosi alifurahi akatupeleka wote kula kuku wa kuchoma mtaani Al-Sulimaniyah. Mimi nilikaa kiti cha mwisho, dirisha la kulia, na hakuna aliyeniambia nisogee. Ijumaa ile nilimwambia dada kila kitu: rangi ya gari, jengo la dada yake madam liko wapi, na kwamba tungefika Jumatano karibu na magharibi. Nikamwambia atazame nyuma kabisa, upande wa kulia. Akasema atakodi nafasi kwenye teksi ya kuchangia na aje, hata kama ni kwa kubebwa. Dereva wa nyumba aliponipeleka sokoni Batha kununua vitu vya safari, nilijitafutia koti zito la mtumba, bluu, la kiume. Nilijiona nimekamilika.

Asubuhi ya safari, baada ya sala ya alfajiri, mizigo ilishuka kutoka juu bila mwisho. Ski za bosi, ski ndogo mpya za watoto, hema, mablanketi, sufuria kubwa za wali, gunia la makaa, mtungi wa gesi. Bosi alipanga, akapangua, akapanga tena. Kisha akabonyeza kitufe, na kiti changu kikaanza kujikunja chenyewe polepole mpaka kikazama sakafuni. Nilikuwa nimesimama pale pale na koti langu, begi mkononi.

"Bosi, na mimi?" nikauliza.

Alimtazama mkewe. Madam akaja akanishika mkono, na alikuwa na huruma ya kweli usoni, huo ni ukweli na ndio unaoniuma. Akaniambia amewaza sana. Huko kwenye theluji baridi si ya mchezo, na mimi ni mtu wa Afrika, damu yangu ni ya jua. Rafiki yake alimpeleka mfanyakazi wake huko, akarudi na mapafu mabovu. Yeye hakutaka kubeba dhambi hiyo. Mama wa bosi angekuja kukaa nami, nipumzike, nilale mpaka nichoke. Alidhani ananipa likizo.

"Madam, kwetu kuna baridi," nilisema. "Asubuhi tunakanyaga barafu kwenye nyasi. Viazi vinaungua shambani kwa sababu ya baridi. Nimekulia hapo."

Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto anayedanganya ili apewe peremende. "Barafu. Afrika."

"Na Jeddah? Yule jamaa yangu?"

"Mara nyingine, inshallah. Tutakwenda tena."

Maneno yalinifika kwenye meno. Ni dada yangu, ni mgonjwa, hana mara nyingine. Lakini bosi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, funguo mkononi, na nilijua swali lake la kwanza lingekuwa, kafili wake nani? Nikayameza. Binti yao wa miaka sita, aliyezoea kulala nami, alilia akitaka niende, wakamwinua wakamfunga mkanda. Gari likatoka. Nilichukia kila kitu siku ile: gari, theluji, huruma ya madam, na ramani yote ya Saudia.

Nilikimbilia simu. Niliipiga ile namba ya mwanamke wa Bani Malik, ikaita mpaka ikakata. Alikuwa kazini, nadhani, na simu yake kwenye begi. Nilipiga nikiosha vyombo, nilipiga nikimchemshia nyanya wa watoto chai, nilipiga mpaka adhana ya magharibi ikasikika. Hakuna. Nyanya akaniuliza mbona nimevaa koti ndani ya nyumba. Sikuwa nimegundua kwamba bado nimelivaa.

Kesho yake dada mwenyewe akapokea.

"Nisamehe," nikaanza, "waliniacha, kiti walikikunja—"

"Kwani hukuja?" akanikatiza. "Afadhali. Mimi hata sikutoka. Miguu ilivimba ikakataa viatu, nikaona wacha nilale. Nimekesha nikifikiri umeningoja huko chini kama mjinga."

"Hukwenda kweli?"

"Ningeenda na miguu gani? Tumetoka sare. Sasa acha kulia, unamaliza vocha."

Nililia, lakini kwa kushukuru. Mzigo ulinitoka kifuani wote. Niliona Mungu ametuhurumia sote wawili, kila mmoja amebaki kwake, hakuna aliyengoja bure. Usiku ule nililala fofofo.

Familia ilirudi na mashavu yaliyobabuka. Theluji yenyewe ilikuwa nyembamba, bosi aliteleza kidogo tu akakutana na mawe, lakini picha zilikuwa nzuri. Madam alinionyesha moja baada ya nyingine, akisema, "Umeona? Ungekufa hapa." Nikasema nimeona. Maisha yakaendelea, na Ijumaa tukaendelea kupigiana simu, na yeye akaendelea kunitania juu ya gari la theluji.

Alifariki kabla joto halijarudi. Wale wanawake wa chumbani walinipigia asubuhi nikiwa natwanga iliki. Kwa kuwa sasa hakuna wa kukamatwa, nilimwambia madam kila kitu, kwamba yule jamaa alikuwa dada yangu wa tumbo moja. Alikaa chini palepale jikoni, akajifunika uso, akalia. Si mtu mbaya. Alinipa siku za kupumzika, akaniletea tende na maziwa chumbani kwa mikono yake. Mwili ulikaa sana kwa ajili ya karatasi, ukasafiri, wakamzika Kinangop bila mimi. Kilichonishikilia siku zile ni kimoja tu: kwamba jioni ile ya Jeddah alikuwa amelala zake kitandani, amejifunika, hana habari.

Kisha siku moja nilikuwa napiga pasi, na yule binti wa miaka sita amekaa karibu na miguu yangu anachora. Alikuwa akizungumza nami kwa Kiarabu chake kilichojaa maneno yangu ya Kiswahili. Alikuwa anachora safari. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba mwanamke wa Jeddah alifanana na mimi.

"Mwanamke gani?"

"Wa kwenye gari."

Nikamuuliza taratibu, nami naendelea kupiga pasi. Akasema madam na wale wengine walikuwa wameshapanda juu, baba yake anafungua mizigo, na yeye yuko naye chini. Akaja mwanamke ameshikilia ukuta. Miguu yake mikubwa, imefungwa kwa vitambaa, haina viatu. Akaenda mpaka nyuma ya gari, upande wa kulia, akaweka viganja kwenye kioo akachungulia. Akazunguka upande wa pili akachungulia tena. Baba akamuuliza anataka nini, akasema hataki kitu. Baba akampa riyali kumi, sadaka.

"Alizichukua?"

"Alizichukua. Akasema Mungu ambariki."

"Kisha akaenda?"

"Hapana. Alikaa kwenye ngazi. Tulipofunga mapazia bado alikuwa amekaa."

Niliizima pasi. Nikamuuliza kama yule mwanamke alisema lolote jingine. Mtoto alifikiri, kalamu mdomoni.

"Mimi aliniuliza kama watu wote wameshashuka," akasema. "Nikamwambia ndiyo, tumeshuka wote."